Mkristo na Mtaa wa Kuhamia

Katika maswali ambayo washarika hutuletea sisi wachungaji wa mjini, lipo moja linalokuja likiwa limefunikwa. Haliji kama swali la imani. Huja mwisho kabisa, baada ya habari za ndoa au ubatizo kumalizika, mtu akiwa amekwisha simama na mkono uko kwenye kitasa: "Mchungaji, tunafikiria kuhamia Sinza. Manzese tumeichoka. Unaonaje?" Wakati mwingine ni kinyume chake. Kodi ya Sinza imepanda, kazi imeyumba, na familia inajiandaa kurudi Manzese. Hao huuliza kwa sauti ya chini zaidi, kana kwamba wanakuja kutubu.

Wengi hudhani kwamba jambo hili ni la dalali. Mchungaji atajua nini kuhusu maji, kodi na geti? Yeye aje siku ya kuhamia, aibariki nyumba, ale pilau, aende zake. Sisi tunaona kwamba uamuzi wa mahali pa kuishi ni wa imani tangu siku ile dalali anapopigiwa simu, na kwamba Mkristo anayefanya uamuzi huo kwa kulinganisha kodi na geti peke yake amelinganisha nusu ya jambo.

Tuanze na mitaa yenyewe, maana mafundisho yasiyokanyaga ardhi hayatusaidii. Sinza na Manzese zimepakana, na siku hizi zote mbili ziko Wilaya ya Ubungo. Mtu mwenye miguu mizima huvuka kutoka moja kwenda nyingine bila kupanda daladala. Hata hivyo tukizitaja mbele ya watu, sura zao hubadilika. Ukisema unakaa Sinza, unaulizwa Sinza ipi: Mori, Kumekucha, Palestina au Vatikani (ndiyo, Dar es Salaam mtu anaweza kutoka Palestina hadi Vatikani kwa bodaboda moja). Ukisema Manzese, mtu hukutazama mfukoni.

Tofauti ya mitaa hii haikushuka kutoka mbinguni. Miaka ya 1970 serikali yetu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja vipya, barabara zikachorwa kabla ya nyumba. Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha jenga, iliingizwa katika mradi huohuo kwa njia nyingine: makazi yaliyopo yaboreshwe, zipitishwe barabara, mifereji na maji pale ambapo nafasi imebaki. Kwa hiyo upande mmoja rula ilitangulia watu, upande wa pili watu waliitangulia rula. Na kabla ya hapo mji huu ulikwisha zoea kugawanywa. Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi mwaka 1891 zilizopanga maeneo kwa aina ya nyumba, na kwa kuwa aina ya nyumba ilifuata rangi ya mtu, watu wakagawanyika. Waingereza wakaendeleza. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini tunayatamka mpaka leo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ulipo ndipo ilipoachwa nafasi wazi ya kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na upande wa Wahindi.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Tunaposema "mtaa ule una watu wabaya", mara nyingi tunachokiona ni mfereji ambao haukuchimbwa. Tunasoma kosa la ramani kama kosa la tabia. Mkristo anapaswa kuwa mwangalifu sana hapo, kwa maana amri ya nane inayotukataza kumshuhudia jirani uongo haimhusu jirani mmoja tu; mtaa mzima unaweza kushuhudiwa uongo, na mashahidi tukawa sisi.

Hata hivyo hatutaki kuipamba Manzese kwa maneno matamu ya mimbarini. Sisi wachungaji tunaijua tofauti ya mitaa hii kwa jeneza. Sinza gari la msiba husimama mlangoni. Manzese, katika nyumba nyingi za ndani, jeneza hubebwa juu ya vichwa, likainamishwa kwenye kona, likapita juu ya ukuta wa choo cha jirani hadi kufika barabarani. Mahali jeneza linapopita kwa taabu, mgonjwa naye hupita kwa taabu akiwa hai, na gari la zimamoto halipiti kabisa. Nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: korido katikati, vyumba kulia na kushoto, kila chumba familia, uani jiko na choo kimoja. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo maji yabebe. Mama anayetaka kumwondoa mtoto wake hapo hana dhambi ya kutubu, na ole wake mhubiri atakayemwambia kwamba anakimbia msalaba. Tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, watu walivyokufa na serikali ikalazimika kuwahamishia Mabwepande waliokuwa wakikaa mabondeni. Umaskini wa mtaa si sakramenti.

Lakini haki itendeke pande zote. Manzese kituo cha mwendokasi kipo barabarani tangu mwaka 2016, na anayefanya kazi Posta anajua hilo lina thamani gani saa kumi na moja alfajiri. Mafuta hupimwa kwa kibaba kidogo kuliko vyote, ili hata mwenye shilingi chache apike. Mtu akiugua usiku, hodi ya kwanza inaitikiwa. Sinza nako, wapo wazazi waliohamia kwa ajili ya watoto wakakuta ukuta wao ni ukuta wa baa, na muziki haulali mpaka muadhini na mchungaji waamke. Wapo pia waliofurahia geti lao, na siku ya msiba wakagundua kwamba hakuna jirani anayelijua jina la marehemu.

Tuje kwenye Maandiko. Habari ya kuchagua mahali pa kuishi tunaikuta mapema sana, katika Mwanzo 13. Wachungaji wa mifugo ya Abramu na wa Lutu waligombana kwa sababu ardhi haikuwatosha. Abramu, aliye mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza. Lutu akainua macho, akaona bonde la Yordani lina maji mengi, akalichagua, akajongeza hema zake hadi Sodoma. Mahubiri mengi humlaumu Lutu kwamba alipenda mandhari. Sisi tunaona lawama hiyo imezidi. Mfugaji asiyetazama maji ni mfugaji gani? Mama wa Manzese anayeuliza kama bomba linatoka kila siku anafanya kama Lutu, na anafanya vema. Tunachokiona katika habari ile ni kwamba macho ya Lutu yaliishia kwenye maji. Msimulizi ndiye anayetueleza wenyeji walikuwa watu wa namna gani. Lutu haandikiwi kwamba aliuliza.

Na habari haikuishia hapo, jambo ambalo tunalisahau. Sura ya 18 inatuonyesha Abrahamu akiuombea mji ambao hakuuchagua. Anasimama mbele za Mungu na kupatana kama mtu wa sokoni: hamsini, arobaini na watano, arobaini, mpaka kumi. Yeye anakaa Hebroni, kwenye mialoni yake, mbali na moto wowote utakaoshuka. Angeweza kusema kwamba Sodoma ni shauri la Lutu. Hakusema. Mtaa alioukwepa uliendelea kuwa wake katika maombi. Naye Lutu, kwa udhaifu wake wote, aliwakaribisha wageni waliofika langoni jioni. Kila mmoja alikuwa na deni kwa mji ule, aliyekaa ndani yake na aliyekaa mbali nao.

Hilo ndilo tunalotaka kulisema kuhusu Sinza na Manzese. Dalali anatuonyesha mitaa miwili kama mashati mawili: chukua hili, acha lile. Lakini mtaa tuliouacha haurudi kabatini. Dada wa kazi anayemlea mtoto wa Sinza amelelewa Manzese au Tandale, na Jumapili huko ndiko anakorudi kuwaona wazazi. Mlinzi wa geti, fundi wa bomba, mama lishe anayewapikia mafundi, kijana wa bodaboda, wote wanalala upande wa pili. Mto Ng'ombe unapita Sinza na kushuka Tandale kuelekea Msimbazi, na uchafu unaotupwa juu unamfikia aliye chini. Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam, kilianzia Kinondoni, wilaya ambayo wakati huo ilikuwa na Sinza na Manzese zote mbili, na ugonjwa huo hauombi ruhusa getini. Anayechagua Sinza ameichukua na Manzese. Aliyeonyeshwa ukuta tu na dalali hajaonyeshwa nyumba yote.

Martin Luther aliliona jambo hili kwa njia ya kawaida kabisa, njia ya mwenye nyumba na watoto. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tuliyoikariri sote tukiwa kipaimara, anapoeleza ombi la mkate wa kila siku anaorodhesha vitu vingi: chakula, mavazi, nyumba, shamba, serikali njema, hali nzuri ya hewa. Orodha inapoelekea mwisho anawataja majirani wema. Kipaimara tuliyapita maneno hayo mbiombio kwa kuwa mwalimu alikuwa na fimbo. Sasa tulio na familia tunaweza kuyapima. Jirani mwema ni mkate. Anayeomba Baba Yetu kila asubuhi anaomba pia mwenzake wa ng'ambo ya ukuta, na kwa kuwa jirani yake naye anaomba sala hiyohiyo, basi yeye mwenyewe huenda ndiye jibu linalosubiriwa upande wa pili.

Kisha iko amri ya tisa, ambayo kwa hesabu yetu Walutheri inakataza kuitamani nyumba ya jirani. Luther hakuishia kwenye tamaa ya moyoni. Alieleza kwamba tusiinyemelee nyumba au urithi wa mtu kwa hila, wala kuuchukua kwa njia inayoonekana kuwa ya haki, bali tumsaidie mwenye mali aendelee kuwa nayo. Tunamwomba mshariki yeyote anayenunua nyumba katika mtaa wa bei nafuu alitafakari jambo hili kabla ya kutoa pesa. Bei nafuu ina sababu yake, na mara nyingine sababu ni mjane. Mume amefariki, shemeji wamekuja na karatasi ya ukoo, nyumba inauzwa haraka, wapangaji wanaambiwa watoke mwisho wa mwezi. Mnunuzi anapewa hati ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa na mashahidi wanne. Kila kitu ni halali. Swali la amri ya tisa ni jepesi na linaudhi: mjane ameulizwa? Mkristo asiyetaka kuuliza, hata kama mwanasheria amemwambia aendelee, amekwisha lijua jibu.

Upande wa kupanga nao una mambo yake. Kijana aliyeoa jana anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati mwingine ya mwaka, juu yake ya dalali ya mwezi mmoja, na ya kuonyeshwa nyumba hata kama hakuipenda. Wenye nyumba wengi wanaodai hivyo tunakaa nao benchi moja Jumapili. Hatusemi wapangishe bure. Nyumba ina gharama zake na wapo wapangaji wanaoondoka usiku wakiacha deni la maji. Lakini mwenye nyumba Mkristo anaweza kupokea kodi ya miezi mitatu bila nyumba kuanguka. Anaweza pia kuacha yale masharti yanayotolewa kwa mdomo tu: asiwe na watoto wengi, asiwe mwanamke anayeishi peke yake, asiwe wa kabila fulani. Tumesikia na la nne, "tunataka Mkristo mwenzetu", likisemwa kwa nia njema. Tunalikataa. Katika nyumba za korido za Manzese Waislamu na Wakristo wamepikiana futari na pilau ya Krismasi miaka yote, na mengi ya mazishi tuliyoyaongoza huko maji yalichotwa na kina mama waliojitanda ushungi. Kanisa linaloufundisha mtaa kutengana kwa dini litakuwa limeivunja zawadi ambayo halikuitengeneza.

Neno lenyewe "mtaa" lina mambo. Kwa serikali mtaa ni eneo lenye mwenyekiti na mhuri. Kwetu KKKT mtaa ni sehemu ya usharika, kusanyiko lenye mwinjilisti, wazee wa kanisa na jumuiya zake. Mtu akisema "nahama mtaa", sisi husikia yote mawili. Na hapa ndipo jambo linapokuwa zito. Wanaoweza kuhama ndio wanaohama. Kijana wa Manzese akipata kazi nzuri anahamia Sinza. Wa Sinza akipata mkopo anajenga Goba, Madale au Kibamba. Kila hatua ina sababu njema. Lakini jumuiya ya nyuma inabaki na bibi wanne, wapangaji wanaobadilika kila miezi sita, na watoto. Bahasha za ahadi zinapungua, jambo ambalo mhazini hulisema kwa uchungu. Kwetu linaloumiza zaidi ni kwamba hakuna tena mtu mwenye simu ya daktari, wala anayejua kuandika barua kwa afisa mtendaji, wala mwenye gari saa nane usiku. Sadaka inaweza kutumwa kwa simu. Gari la saa nane usiku halitumwi.

Je, basi watu wasihame? Hapana. Dar es Salaam ya sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu milioni moja zaidi lazima walale mahali, na mji wa namna hiyo hauwezi kuwa na watu wasiohama. Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji. Kitabu cha Matendo kinamalizikia katika nyumba ya kupanga huko Rumi, alimokaa miaka miwili akiwa chini ya ulinzi wa askari, akiwapokea wote waliomjia. Luka hatwambii kodi ilikuwa kiasi gani wala mtaa ulikuwa wa hadhi gani. Kilichomvutia ni mlango.

Kwa hiyo washarika wanapotuuliza, hatuwachagulii. Tunawapa kazi za kufanya kwanza. Nendeni mkaione nyumba usiku, si saa nne asubuhi dalali anapotaka. Nendeni tena siku ya pili baada ya mvua. Ongeeni na mpangaji anayeondoka, mumwulize anaondoka kwa nini. Nunueni nyanya kwenye genge lililo karibu, mkae kidogo, msikilize jinsi watu wanavyoitana. Mkikuta msiba, ingieni, toeni rambirambi. Katika saa moja ya msiba mtaujua mtaa kuliko katika mwezi wa matangazo. Ulizeni jumuiya inakutana wapi na siku gani. Na muulizane ninyi wawili, mume na mke, swali ambalo hakuna dalali atakayewauliza: katika nyumba hii, ni nani atakayeweza kutugongea?

Wengine wakimaliza kazi hizo huhamia Sinza, wengine hubaki Manzese, na tumewabariki wote. Mwaka uliopita wapo wenzetu waliokwenda Madale ambao kila Alhamisi jioni, msongamano wa barabarani ukiruhusu, walirudi kusali na jumuiya yao ya zamani, wakati wa kurudi wakampitisha bibi mmoja kliniki au kumfikishia dawa zake. Barua yao ya uhamisho tuliisaini. Walituomba tusiifute namba yao kwenye daftari la jumuiya, na mzee wa kanisa akauliza kama katiba inaruhusu msharika kuwa na mitaa miwili. Suala hilo bado liko mezani.